Mgeni, Raia na Mwenyeji: Maneno ya Kiingereza Yaliyotufuata kutoka Sur hadi Ughaibuni

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza khabari za watu na za miji. Safari hii tumeona tuzungumze khabari za maneno. Yapo maneno machache ya Kiingereza ambayo kila mmoja wetu aishiye ughaibuni amekutana nayo kwenye fomu, akayawekea alama kwa mkono wake, wala hakuyauliza yametoka wapi: "native", "subject", "citizen", "foreigner", "alien". Uwanja wa ndege yapo, ofisi ya kodi yapo, na skuli tunapopeleka watoto yapo. Wengi wetu tulidhani tumekutana nayo London au Toronto. Kumbe yalikuwa yakitungoja tangu zamani. Yaliwakuta wazee wetu katika majahazi yaliyotoka Sur, katika maduka ya shamba ya Unguja na Pemba, na katika nyumba za Ibra na Nizwa ambazo hadi leo Kiswahili kinasikika ndani yake.

Tuanze na mizizi. "Foreigner" ni neno lililopita kwa Wafaransa likitoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni mtu wa nje, aliye nje ya mlango. "Alien" nalo ni la Kilatini: mtu wa mwengine, yaani si wetu, ana wenyewe. "Subject" ni aliyewekwa chini. "Citizen" ni mtu wa mji. Hili la mwisho linatupendeza, kwa sababu Kiswahili kina ndugu yake. Mwenyeji ni nani? Ni mwenye mji. Mwingereza na Mswahili, kila mmoja kwa njia yake, waliona kwamba mtu wa kwao ni yule mwenye fungu katika mji.

Lakini hapo ndipo wanapoachana. Kwa Mwingereza kinyume cha mtu wa mji ni mtu wa nje ya mlango. Kwa Mswahili kinyume cha mwenyeji ni mgeni, na mgeni ni yule yule anayekaribishwa chakula. Kiingereza kina neno moja kwa aliyealikwa na jingine kwa asiyealikwa. Kiswahili kimewatia wote chungu kimoja. Wahenga wakaongeza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia methali hii kumsema mgeni aliyekaa mno. Lakini ina upande wa pili. Ukishapewa jembe, wewe si wa kukirimiwa tena, umeingia katika kazi za mji.

Liko na neno jingine, raia. Hili limetoka Uarabuni, na mzizi wake ni kuchunga. Raia ni wale wanaochungwa, na Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya anaowachunga. Kiswahili kililichukua neno hili kikalitumia kwa watu wa Sultani, na falme zilipoondoka zikaja jamhuri, kikaendelea kulitumia lile lile. Kwa hiyo pale Kiingereza kinapotenga "subject" na "citizen", mtu wa mfalme na mtu wa mji, sisi tunasema raia kwa wote wawili. Neno halikubadilika. Kilichokuwa kikibadilika ni nani aliyemo ndani yake na nani aliyetolewa, na hilo mara nyingi liliamuliwa kwa lugha isiyokuwa yetu.

Twende Sur. Mji huu wa pwani ya Sharqiya uliishi kwa bahari. Majahazi yake yaliteremka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko na nafaka. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza ziliyapekua majahazi hayo kutafuta watumwa. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur wakapata njia: walichukua hati kwa Wafaransa na kupandisha bendera ya Ufaransa, ili Mwingereza asiwaguse. Wako waliofanya hivyo kwa biashara safi, na tuseme kweli, wako waliofanya hivyo kwa sababu ndani ya jahazi mlikuwa na watu waliotekwa.

Ugomvi wa Waingereza na Wafaransa juu ya bendera hizo ulifika The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905. Suali lilikuwa: nahodha wa Sur ni mtu wa nani? Mahakama ikasema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Maskati bendera yake kwa mujibu wa sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo, haki hiyo ilibaki kwa wale tu walioweza kuthibitisha kwamba Ufaransa iliwahesabu kuwa watu wa himaya yake tangu kabla ya mwaka 1863. Ikasema tena kwamba ruhusa ya bendera haihamishwi kwa mtu mwengine wala kwa jahazi jengine. Na mwenye jahazi, mabaharia wake na jamaa zake, wakishateremka nchi kavu, hawana kinga yoyote ya Kifaransa itakayowatoa katika hukumu ya Sultani.

Tuitazame hukumu hiyo kwa macho ya mtu wa Sur. Baharini alikuwa wa Ufaransa, na akitia mguu ufukweni alikuwa wa Sultani. Mtoto wake aliyerithi jahazi hakurithi bendera. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe kwao ni wapi, na lau angeulizwa angejibu kwa kutaja kabila lake na mtaa wake. Na siku tatu baada ya hukumu ile, tarehe 11 Agosti 1905, sheria ya mwanzo ya Uingereza ya zama hizi ya kuzuia watu wa nje ilitiwa saini mjini London, na ndani ya jina lake lilikuwamo neno "aliens". Waliokusudiwa zaidi walikuwa Mayahudi masikini waliokimbia Ulaya ya Mashariki. Katika wiki moja, watu wa Sur na watu wa mitaa ya mashariki ya London walipimwa kwa mzani mmoja, wala hawakujuana.

Nizwa, katika Dakhiliya, ilikuwa na kisa chake. Huko ndani alikuwako Imamu, na Maskati alikuwako Sultani. Tarehe 25 Septemba 1920 ulitiwa saini mkataba wa Sib, uliojadiliwa kwa upande wa bara na Sheikh Isa bin Salih al-Harthi wa Sharqiya. Mkataba ule ulizungumza juu ya serikali ya Sultani upande mmoja na watu wa Oman upande wa pili, kama kwamba ni pande mbili zinazokutana njiani. Nchi yenyewe iliitwa kwa majina mawili, Maskati na Oman, hadi mwaka 1970. Basi kijana wa Nizwa aliyepanda jahazi kwenda Unguja mwaka 1930 alikuwa raia wa nani? Karani wa Kiingereza alipaswa kuandika neno moja tu.

Na Unguja alikokwenda palikuwa na mgawanyiko mwengine. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, dola yake iliachwa kwa watoto wake, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kwamba Oman na Zanzibar ni falme mbili. Ndugu wa nyumba moja ya Ibra, wa ukoo wa al-Harthi au al-Barwani, mmoja akiwa kwao na mwengine Unguja, wakaamka wakiwa watu wa masultani wawili. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Na sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 ilipoeleza nani ni "alien", ilimtoa katika hesabu hiyo mtu wa himaya, lakini haikumfanya Mwingereza. Mtu wa Zanzibar hakuwa ndani wala hakuwa nje. Alisimama kizingitini.

Kiswahili nacho kilikuwa na majina yake. Mwarabu aliyetoka Oman karibuni aliitwa Mmanga, kwa kuwa Manga ni jina la kale la nchi ya Uarabuni; ndiyo tukapata pilipili manga na komamanga. Mmanga hakuwa bwana wa mashamba ya mikarafuu. Mara nyingi alikuwa na duka dogo shamba, anauza mafuta ya taa na sukari, na Waarabu wa zamani wa Unguja hawakumhesabu kuwa sawa nao. Naye aliyezaliwa pale pale, hata kama mama yake aliletwa kwa nguvu kutoka Nyasa, aliitwa mzalia. Tusijisifu kwamba maneno yetu yalikuwa ya upole. Mshenzi ni neno la Kiswahili, na mjakazi ni neno la Kiswahili. Yule aliyeletwa Unguja katika jahazi la Sur akiwa amefungwa hakuingia kama mgeni, na jembe alilopewa siku ile ile hakupewa kwa sababu ya methali.

Juu ya majina hayo ndipo lilipokuja neno "native". Kwa Kilatini maana yake ni mzaliwa wa mahali. Katika sheria za kikoloni za Afrika Mashariki maana yake ilikuwa nyengine kabisa: lilihusu asili ya Kiafrika, si pahala pa kuzaliwa. Huko Kenya, mtu aliyefika Mombasa jana kutoka Nyasaland alikuwa "native", na Mwarabu ambaye babu zake saba wamezikwa Mombasa hakuwa. Na neno hilo lilikuwa na bei. Aliyeitwa "native" alilipa kodi ya kibanda, na tangu 1919 mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande. Waarabu wa pwani walipopewa kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria miaka ya 1920, Thenashara Taifa, wenyeji wa Mombasa wa karne nyingi, waliachwa nje. Walipigania kwa miaka mingi watolewe katika neno hilo. Mwanahistoria Ahmed Idha Salim aliandika juu ya mashaka yao mwaka 1976, na suali la kama mtu ni "native" au siye ndilo alilolifanya kichwa cha makala yake.

Zanzibar nako watu walijifunza kwamba jina linaweza kukupa au kukunyima. Katika hesabu ya watu ya 1924 walioandikwa Waswahili walikuwa zaidi ya 30,000. Katika hesabu ya 1931 walikuwa wapatao 2,000 tu. Hakukuwa na tauni wala njaa. Watu wale wale walikuwa katika nyumba zile zile, ila wamejiandikisha kwa jina jengine, kwani jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Kisha Vita Vikuu vya Pili vikaja, na chakula cha mgao kikagawiwa kwa makundi ya asili, na mchele haukumfikia kila mtu kwa kipimo kimoja. Hapo hata asiyejua kusoma alijua kuwa neno lililoandikwa kwenye kadi linaingia chunguni.

Mwaka 1955 kilianzishwa chama kilichokuja kuitwa Hizbu. Jina lake refu la mwanzo kwa Kiarabu lilikuwa chama cha kizalendo cha raia wa Sultani wa Zanzibar. Waanzilishi wake walilipenda neno raia kwa sababu halikutaja rangi: Mwarabu, Mshirazi na Mgazija wote wangeweza kuingia. Lakini neno linalofungua mlango mmoja hufunga mwengine. Wapo maelfu waliotoka Bara kufanya kazi za karafuu na za bandari, na hao, kwa sheria, hawakuwa raia wa Sultani. Uchaguzi wa kwanza ulipokuja mwezi wa Julai 1957, kura ilikuwa ya wanaume waliokuwa raia wa Sultani na waliotimiza masharti mengine. Hizbu ikapinga mahakamani kwamba Sheikh Abeid Amani Karume si raia, kwamba hakuzaliwa Zanzibar. Mahakama ikaamua kuwa ni mzaliwa. Karume akasimama Ng'ambo dhidi ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, akamshinda kwa kura 3,328 dhidi ya 918.

Tunakitaja kisa hiki bila ya kutaka kufufua ugomvi wa vyama, kwani wasomaji wetu wametoka pande zote mbili. Tunakitaja kwa sababu ndani yake imo historia yetu nzima. Barwani ni ukoo wa Ibra. Watu ambao babu zao walikuja na kaskazi walikwenda mbele ya hakimu wa kikoloni, kwa sheria ya kikoloni, kuuliza kama mwengine ni wa hapa. Miaka saba baadaye suali lile lile liligeuzwa na kuulizwa kwao wenyewe, na safari hii hapakuwa na hakimu. Ishara zilikwisha kuonekana Juni 1961, pale fujo za uchaguzi zilipoua watu 68, wengi wao Wamanga wa madukani shamba, masikini ambao hawakuwahi kumtawala mtu. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi. Maelfu waliuawa, na maelfu wengine wakapakiwa au wakakimbia. Sheikh Ali Muhsin alifungwa miaka kumi, kisha akaishi uhamishoni hadi alipofia Maskati mwaka 2006.

Waliokimbia walidhani wanarudi kwao. Lakini Sultani Said bin Taimur hakuwa mwepesi wa kufungua mlango wa Oman, na wengi wakatawanyika Cairo, Kuwait, Dubai na Uingereza. Mlango ulifunguka baada ya tarehe 23 Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga. Wazee wetu wakaja. Walikuwa wamesoma, walijua Kiingereza, na nchi iliwahitaji katika wizara, mahospitali, mabenki na kazi za mafuta. Walipofika Ibra waliyakuta majumba yaliyojengwa kwa fedha za Unguja na Tabora, majina ya mababu zao yanajulikana, visima na mitende ya ukoo ipo. Kisha wakafungua mdomo kusalimia, na Kiarabu kikawakwama. Wakaitwa Zinjibari.

Jina hilo aliitwa hata yule ambaye hajapata kuiona Zanzibar, aliyezaliwa Mombasa, Mwanza au Bujumbura. Unguja tuliitwa Waarabu, na Uarabuni tukaitwa kwa jina la Unguja. Uraia tuliupata, tena wa damu, kwa baba. Paspoti ilisema sisi ni watu wa mji. Lakini Mwomani wa jirani alitusikia tukimwita mtoto kwa Kiswahili jioni, akacheka kidogo. Ndipo tulipofahamu kwamba kuna uraia wa karatasi na kuna wenyeji wa ulimi, na wa pili hautolewi na ofisi yoyote. Unapatikana kwa kukaa, kuoana, kuzika na kusaidiana. Leo wajukuu wa wale waliorudi wanazungumza Kiarabu cha Sharqiya kama mtu yeyote, na baadhi yao ndio wanaowauliza bibi zao maana ya maneno ya Kiswahili.

Tungeweza kuishia hapo tukajihurumia. Lakini inabaki nusu ya pili ya khabari, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Katika Oman ya leo liko neno la Kiarabu "wafid", na magazeti ya Kiingereza ya huko hulifasiri "expatriate", yaani aliye nje ya nchi ya baba zake. Asili ya wafid ni njema: ni mjumbe anayekuja kwa heshima. Lakini katika mazungumzo limekuwa jina la mfanyakazi wa Kihindi, wa Kibangladeshi, wa Kitanzania, aliyekuja kwa mkataba na mdhamini. Katika jiko la nyumba nyingi za Ibra na Nizwa yupo mwanamke kutoka Bara au Unguja anayezungumza na bibi wa nyumba kwa Kiswahili. Wanacheka pamoja, wanakumbushana mapishi ya nazi, bibi anamwita mwanangu. Kisha mtu akipiga simu kuuliza nani yuko nyumbani, tunajibu: hakuna mtu, yupo mtumishi tu.

Tulioishi ughaibuni tunajua jibu hilo linavyouma, kwa kuwa tumekuwa upande wake wa pili. Marekani neno "alien" limo katika sheria hadi leo. Mwaka 2021 maofisa wa uhamiaji waliagizwa watumie badala yake neno linalosema tu kwamba mtu si raia, na mwaka 2025 neno la kale likajaa tena katika amri za serikali mpya. Tulifurahi lilipoondoka na tulikasirika liliporudi, na tulikuwa na haki. Lakini mtu anayedai jina jema mlangoni kwa mwenzake naye aangalie jina analolitumia mlangoni kwake.

Methali yetu haikusema siku ya tatu mfukuze. Ilisema mpe jembe, na wazee waliosikia wakijua kwamba mwenye kulima katika mji naye ana lake la kusema katika mji. Wale wanaolima mitende yetu, wanaolea watoto wetu na kuwaogesha wazee wetu, jembe tumewapa tangu siku ya kwanza. Mwaliko wa kukaa nasi kitako, kuulizwa kwao ni wapi na kujibiwa kwa jina, bado wengi wao wanaungoja nje ya mlango. Sheria ina masharti yake na wenye kuitunga wapo. Ulimi ni wetu, na kuubadilisha hakuhitaji fomu.